Mwisho wa Upande wa Kwanza

Tarehe 12 Januari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mimi sijambo, baridi tu ndiyo inanitesa, na mgongo kidogo kwa kuinama. Kazi ni ile ile ya kuchonga meno bandia. Wiki nzima nimehangaika na meno ya juu ya mzee mmoja. Kila akiyajaribu anasema yanapiga mluzi akitamka "asante". Tajiri wangu ananiambia nisage kidogo. Nasaga, yanapiga mluzi wa wimbo mwingine. Mama mkubwa hajambo? Mwambie dawa ya goti nitamtumia akipatikana mtu wa kuja huko.

Sasa habari yenyewe: nimenunua mashine! Amplifaya, mashine ya santuri, na spika mbili ndefu zinazonifika kiunoni. Sebule ni ndogo, ikabidi meza ihamie jikoni, na jikoni viti haviingii, kwa hiyo nakula nimesimama nimeegemea friji. Usinicheke, ugonjwa huu umeniambukiza wewe. Kuna kikundi cha watu wenye wazimu kama wangu, tunakutana Jumamosi mchana kusikiliza sauti safi. Mkubwa wetu ni rubani mstaafu, tunamwita Rubani tu. Kila mgeni lazima alete santuri zilizorekodiwa vizuri, halafu wanakaa kimya na kumhukumu. Mimi nikajigamba mbele yao kwamba mjomba wangu alikuwa fundi mitambo wa studio. Basi usiniaibishe. Nipendekezee.

Na moja unaijua bila kutajiwa. Ile ya mama, yenye picha ya dirisha. Alifariki mimi hata kutembea sawasawa bado, na sauti yake siikumbuki kabisa. Mama mkubwa kanilea vizuri, lakini nikimuuliza mama alikuwa anaimbaje, analia, haniambii kitu. Nakala unayo wewe peke yako. Wenzangu wamenunua mashine wasikie besi. Mimi nimenunua nimsikie mama, mjomba, na mengine yote ni mbwembwe.

Halafu simu yako ina nini? Inaita hadi inachoka.

Mpwa wako,
Chiriku


Tarehe 6 Februari

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Huku tunaendelea. Mama yako mkubwa goti linamsumbua ila mdomo haujapata hata homa. Alikuja Jumapili akanigombeza tangu mlangoni, eti siku hizi nina kiburi, nasalimiwa siitikii. Sikumwona tu alipoingia. Fundi Cherehani, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, anakusalimu na anauliza kama umeshapata mchumba au umeolewa na hizo spika.

Simu imekufa spika. Wewe andika.

Hongera kwa mashine. Lakini kabla ya santuri, sindano. Hapo ndipo watu wanapojimaliza. Ncha yake ni ndogo kuliko punje ya chumvi, na ikimeguka haikuambii. Itaendelea kuzunguka kwenye santuri huku inachimba kama jembe, na ilichochimba hakirudi. Itazame kwa kioo cha kukuzia kila mara. Mimi macho hayanisaidii siku hizi, lakini sina wasiwasi, sindano ikianza kuchoka naisikia kabla yenyewe haijajijua.

Majina ya santuri sijawahi kuyashika, nazijua kwa picha. Anza na ile ya Kiti. Jalada jeupe, kiti kitupu katikati. Ni piano peke yake, ukumbi hauna mtu, maikrofoni mbili zimening'inizwa juu. Kwenye wimbo wa pili, kabla mpigaji hajagusa kitu, utasikia kiti chake kinalia chini ya makalio. Kinatakiwa kilie nyuma ya spika, ndani kabisa, kana kwamba ukuta wako umeondolewa. Kama hakilii, sogeza spika mbali na ukuta, hata kama utalala nazo. Halafu tafuta ile ya Mwavuli: gitaa, besi kubwa ya mbao, na mwanamke aliyeisogelea maikrofoni hadi unasikia midomo yake inaachana kabla ya neno. Hao wako wa Jumamosi wakisikia hiyo watanyamaza wenyewe.

Ile ya Dirisha, subiri. Wala si uchoyo. Mwisho wa upande wa kwanza kuna kitu. Ni kidogo sana, wengi wameicheza wakanyanyua mkono wa mashine kabla hakijafika. Sikuambii ni nini ng'o! Utakisikia mwenyewe, na nataka ukisikie kwenye mashine isiyovuma, maana mara ya kwanza haipatikani mara mbili. Tayarisha nyumba kwanza.

Fundi Cherehani anadai muziki wangu siku hizi unakaanga vitunguu. Mwanamke maisha yake yote ameweka cherehani sikioni, leo ananifundisha mimi sauti!

Mjomba wako


Tarehe 20 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na pole na mvua kama imefika huko. Mimi nimepona mafua. Yule mzee wa meno bado anapiga mluzi, sasa amesema anaanza kuupenda.

KIMELIA! Kiti kimelia, mjomba! Nilisogeza spika hadi katikati ya chumba, sasa nikitaka kwenda dirishani napita kwa ubavu. Nikaweka wimbo wa pili, na kabla ya piano, kriii, huko nyuma kabisa, mahali ambapo jirani yangu ana kabati. Nikaruka. Nilifikiri kuna mtu. Jumamosi nikawapelekea. Rubani alifumba macho, kiti kilipolia akatabasamu, na upande ulipoisha akaniuliza, "Huyo mjomba wako ni nani hasa?" Nikajibu kwa maringo nisiyokuwa nayo. Ile ya Mwavuli pia nimeipata kwa muuza vitu vya zamani. Uliyosema kuhusu midomo ni kweli tupu. Yaani nilikuwa nimeshaisikia kwenye barua yako kabla sijaiweka.

Sasa nyumba iko tayari. Naomba mama yangu.

Jambo lingine. Mwenzangu wa kazini alipokuja huko nilimpa simu mpya akuletee. Nikapiga, akapokea Fundi Cherehani. Anasema umempa yeye, eti wewe huna haja nayo. Nikamwambia naomba niongee na mjomba, akasita, kisha akaniambia yupo hapo hapo kibarazani, kamwita mara tatu. Mjomba, masikio yako hayajambo? Niambie tu. Sitakucheka.

Chiriku


Tarehe 2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, nisamehe, nilikuwa na shughuli. Mlango wa nyuma umetengenezwa. Mama yako mkubwa dawa ya goti imemfaa, jana alitembea hadi sokoni na kurudi akiwa na ugomvi mpya.

Kuhusu swali lako la mwisho, huku mvua imenyesha sana.

Wape watu wako ile ya Viatu. Jalada la kahawia, viatu vimepangwa mlangoni. Ni kwaya imerekodiwa ndani ya ghala tupu, na aliyerekodi alikuwa na akili, hakuwasogelea. Aliliacha ghala nalo liimbe. Wakinyamaza, usihesabu kwamba wimbo umeisha. Sikiliza paa. Sauti inapanda hadi kwenye mabati inazunguka kule, inashuka polepole. Mimi siku hizi naweka kiganja juu ya spika, besi inapanda mpaka kwenye kiwiko. Ni namna nzuri ya kusikiliza, jaribu.

Ile ya Dirisha naicheza kila siku baada ya chakula cha mchana. Sijaacha hata nilipoumwa. Upande wa kwanza wote, mpaka mwisho, na kile kitu nakisikia kila siku kilekile, pale pale. Ndiyo maana imekuwa kazi kukutumia. Nikiitoa, baada ya chakula nitafanya nini? Kanda zenyewe za studio zilirekodiwa matangazo ya sabuni juu yake. Nakala zilitolewa chache, na nyingine sijawahi kukutana nayo, na nimetafuta.

Lakini ni mama yako. Nimekaa nayo vya kutosha. Nimeibana katikati ya mbao mbili nyembamba, Fundi Cherehani kaishonea mfuko wa blanketi. Alishona huku ananitazama kwa namna ambayo sikuielewa. Imeondoka leo asubuhi. Ikifika, usiwaite hao wa Jumamosi. Kaa peke yako. Usinyanyue mkono wa mashine hadi uone wenyewe umefika katikati.

Halafu uniandikie siku hiyo hiyo.

Mjomba wako


Tarehe 19 Julai

Mjomba mpendwa,

Shikamoo sana. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya, wewe na mama mkubwa na Fundi Cherehani na majirani wote. Mimi ni mzima kabisa. Kazini tumepata mashine mpya ya kusaga, haina kelele sana kama ile ya zamani. Yule mzee wa meno ameleta mke wake naye atengenezewe. Joto limeanza, nimefungua madirisha. Tajiri ananiahidi likizo lakini bado hajasema lini.

Mfuko wa blanketi ulifika salama, mbao hazikuvunjika. Mshonaji mpe pongezi. Nimeicheza. Ni nzuri sana, mjomba. Sauti ya mama ni nzuri sana. Kile cha mwisho wa upande wa kwanza nacho nimekisikia. Asante.

Huku jua linazama usiku, watu wanakaa nje hadi saa tatu. Nimenunua ua la kwenye kopo, naona linataka kufa.

Nisalimie wote.

Chiriku


Tarehe 10 Agosti

Chiriku,

Sote wazima.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Kuna mashine ya kusaga, kuna mke wa mzee, kuna ua kwenye kopo. Mama yako amepata mistari miwili. Wewe! Kiti cha mtu usiyemjua kililia ukanijazia nusu ukurasa. Mtu aliyekisikia kile kitu hawezi kuandika "nacho nimekisikia" kisha akanieleza habari za jua. Angekitaja. Angekitaja kabla hata ya shikamoo.

Kwa hiyo nikachomoa sindano, nikaipeleka kwa Fundi Cherehani. Nikamwambia, wewe unajua sindano, nitazamie hii. Akavaa miwani yake, akaweka taa ya cherehani juu yake, akaigeuzageuza. Kisha akachukua chaki yake ya kukatia nguo, akaniandikia juu ya kitambaa cheusi cha mteja: IMEVUNJIKA. Chini yake akaandika: NILIKUAMBIA INAKAANGA. Halafu akayafuta maandishi kwa kiganja, akaanza kulia.

Ananiandikia kwa chaki kwa sababu sisikii. Haya, nimeandika. Uliniuliza nikakujibu habari za mvua. Ilianza na ndege wa asubuhi, nikafikiri wamehama. Ikaja simu, ikaja sauti ya mama yako mkubwa, hiyo nilishukuru. Sasa hata mlango ukijibamiza naona tu pazia linacheza. Mimi, niliyekuwa nawafukuza watu studio kwa kupumua!

Na kila siku baada ya chakula nimekaa kwenye kiti changu na kuichimba sauti ya dada yangu kwa sindano mbovu, nikitikisa kichwa kwa raha. Nilifikiri nasikiliza. Kumbe nilikuwa namkumbuka tu. Ungekuwa umeniomba mkate nikakupa mchanga, ningekuwa nimekutendea vizuri zaidi.

Nimezitoa spika nje, Fundi Cherehani anaweka vitambaa juu yake. Usiniandikie tena habari za santuri. Kama ni salamu, leta.

Mjomba


Tarehe 1 Septemba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama mkubwa nimeongea naye, hajui chochote, nimemwacha hivyo hivyo.

Nilikudanganya na umenikamata, basi nikuambie ilivyokuwa. Nilifunga madirisha. Nilizima friji isivume. Nilivaa nguo nzuri, usiniulize kwa nini. Nikaweka sindano, nikakaa sakafuni katikati ya spika, na ikaanza kelele ya kokoto zikimwagwa kwenye bati. Nikafikiri ni mwanzo tu, itapita. Haikupita. Huko nyuma yake kuna mtu anaimba, mjomba, nakuapia yuko, sauti inapanda na kushuka, lakini ni kama anayeongea nyumba ya pili wakati wa mvua. Kuna mahali pamoja nadhani anasema "njoo". Nimelirudia hilo "njoo" hadi sijui tena kama ni neno. Nilisubiri mpaka mkono ukafika katikati, kama ulivyosema. Mwishoni kulikuwa na kokoto.

Nikaivunja sheria yako, nikampelekea Rubani. Aliiosha kwa maji yake maalumu, akaikausha kwa pumzi yake mwenyewe, akabadilisha sindano, akabadilisha tena. Kisha akavua miwani akasema, "Pole, binti yangu." Wenzangu wote walikuwa wanatazama viatu vyao.

Nina hasira nawe. Nisiseme uongo mara ya pili. Ungenitumia mwaka juzi, kwenye kimashine cha plastiki nilichokuwa nacho kabla ya hii, ningemsikia. Ulitaka nipate mara ya kwanza iliyo nzuri, nimekosa hata mbaya. Nimelia hadi kazini, nikasaga jino la mtu likaisha. Na bado nakupenda, na nakulilia na wewe, kwa ajili ya hao ndege.

Lakini sitakaa kimya, hukunipa jina hili bure. Kiti nilikisikia kwenye barua yako kabla hakijalia. Midomo ya yule wa Mwavuli, na paa la ghala, vivyo hivyo. Wewe masikio yamekufa ila umesema mwenyewe kwamba kila siku ulikuwa unakisikia kilekile, pale pale. Basi fanya kazi yako. Nipendekezee ile ya Dirisha, kama ulivyonipendekezea nyingine. Ilirekodiwaje, nikae wapi, nisikilize nini. Hata ukichukua mwaka, nangoja.

Chiriku


Tarehe 30 Oktoba

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Hasira yako nimeipokea, ni haki yako. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Mama yako mkubwa nimemwambia mwenyewe. Alinyamaza, na safari hii sikuwa na haja ya kuuliza kama ni masikio yangu. Kisha akakaa nami, akanisaidia pale nilipokuwa sina uhakika. Sasa anaandika kwa chaki naye. Anagombeza kwa herufi kubwa.

Ile ya Dirisha. Jalada la buluu iliyopauka, dirisha moja limefunguliwa. Chumba kilikuwa kidogo, tumeegemeza magodoro ukutani. Gitaa lilikuwa na maikrofoni yake, mama yako yake. Tajiri wa studio alimwambia arudi nyuma. Akarudi. Taa ya kurekodi ilipowaka akasogea tena, na mimi nikaacha. Kwa hiyo yuko karibu sana. Ukikaa katikati ya spika, anakuwa mbele yako, juu kidogo, kwa sababu aliimba amesimama na wewe umekaa.

Sauti yake ni nene kuliko mwili wake. Watu walioiona picha yake walidhani tumedanganya. Kabla ya kila mstari anavuta pumzi kwa pua, fupi, kama mtu anayejizuia kucheka, na kweli alikuwa anajizuia, maana mpiga gitaa alikuwa anamfanyia vituko. Hilo "njoo" lipo. Lipo wimbo wa tatu, hukukosea, ni yeye. Halisemi kwa nguvu. Linashuka mwishoni, na chini kabisa linakatika kidogo kwa sababu hewa ilimwishia. Nilitaka arudie. Akakataa, akasema mtu akiitwa hivyo atakuja.

Na "s" zake. Alikuwa na mwanya, wewe unao kama wake, hapo hapo. Kila "s" inapita na mluzi mwembamba. Mwanzoni nilihangaika kuuondoa, nikaweka kitambaa kwenye maikrofoni. Siku hizi natamani ningeuweka peke yake kwenye kanda. Simama mbele ya kioo useme "sasa", taratibu. Huo ni wake, umekuwa nao muda wote. Na yule mzee wako wa meno, mwambie asisagiwe tena.

Sasa mwisho wa upande wa kwanza. Wimbo wa tano unaisha, gitaa linagonga mara moja, linalia, linafifia. Mama yako hasogei. Sote tumebana pumzi tukisubiri nyuzi zinyamaze. Kimya kinakuja, kirefu. Ndani ya kimya hicho, upande wa kulia, chini, karibu na sakafu, kuna kwikwi. Moja. Ndogo sana, ya mtu aliyeshiba.

Hakukuwa na wa kukuacha naye nyumbani. Ulikuwa umelala kwenye kikapu miguuni pake nyimbo zote tano. Tajiri wa studio alitaka ikatwe. Mama yako akanitazama kupitia kioo, akatikisa kidole, akasema, "Acha hivyo hivyo. Na yeye kaimba."

Nikaiacha. Ilirekodiwa vizuri sana, mwanangu. Nilitaka ujisikie mwenyewe.

Mjomba wako